Mwenda Pole Hajikwai: Taichi na Mazoezi Mepesi kwa Wenye Maradhi ya Magoti

Mazungumzo haya yanahusu goti, kiungo ambacho mtu hukisahau kabisa mpaka siku kinapoanza kumuuma.

Kwa watu wa mwambao wa Afrika Mashariki, na kwa jamaa zao waliotawanyika Oman, nchi za Ghuba, Uingereza na Marekani, goti lina kazi nyingi kuliko kutembea tu. Kwa goti mtu husujudu msikitini au hupiga magoti kanisani. Kwa goti huketi jamvini penye sinia ya chakula, hukalia mbuzi akakuna nazi, huchuchumaa chooni, na hupanda ngazi za ghorofa ya tatu akiwa na mifuko ya sokoni mikononi. Goti likigoma, mambo hayo yote huingia dosari kwa pamoja, na aliyezoea kujitegemea huanza kutafuta mkono wa mtu kila anapotaka kuinuka.

Mgonjwa wa namna hiyo hupewa ushauri mwingi, na ushauri unaotangulia karibu kila mahali ni mmoja: pumzika. Wanawe humwambia asijisumbue. Wajukuu humletea maji pale pale alipoketi. Majirani humwonya kwamba akitembea sana goti litamalizika. Wote husema hivyo kwa mapenzi. Hata hivyo, utafiti uliofanywa katika nchi mbalimbali kwa zaidi ya miaka 25 umeonyesha kinyume chake. Kwa maradhi ya magoti yaliyo ya kawaida zaidi, kupumzika kupita kiasi humdhuru mgonjwa, na mwendo wa kiasi, wa taratibu na wa kudumu ni sehemu ya kwanza ya matibabu. Miongoni mwa mazoezi yaliyochunguzwa kwa makini yamo mazoezi ya kale kutoka China yanayojulikana kwa jina la taichi.

Kwanza ni vyema kuyaelewa maradhi yenyewe. Kuna aina nyingi za maumivu ya magoti, lakini yanayowapata watu wengi zaidi, hasa baada ya umri wa miaka 45, ni yale ambayo watu huyaita kusagika kwa magoti. Haya ni tofauti na baridi yabisi ile inayotokana na kinga ya mwili kuvishambulia viungo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 ulimwenguni walikuwa na maradhi ya kusagika kwa viungo. Goti ndilo kiungo kilichoathirika zaidi, kwani wagonjwa milioni 365 walikuwa na maradhi hayo magotini. Takriban asilimia 60 ya wagonjwa wote ni wanawake.

Goti ni mahali ambapo mfupa wa paja hukutana na mfupa wa muundi, na mbele yake hukaa kile kifupa cha mviringo kiitwacho pia ya goti. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, tabaka laini na lenye utelezi. Kiungo chote kimezungushiwa utando unaotoa ute wa kukilainisha. Nje yake kuna kano zinazokishikilia na misuli inayokiendesha, na mkubwa wa misuli hiyo ni ule wa mbele ya paja. Katika maradhi haya gegedu huwa jembamba na kukwaruzika, mfupa ulio chini yake hubadilika na kuota vijiba pembezoni, utando huvimba mara kwa mara, na misuli ya paja hudhoofika. Kwa hiyo maradhi haya hayakai katika gegedu peke yake, bali hukienea kiungo kizima.

Hapa ndipo penye kosa la kuliona goti kama gurudumu la gari. Gurudumu, kadiri linavyozunguka barabarani, ndivyo linavyolika, wala halina namna ya kujitunza. Goti ni kitu chenye uhai. Gegedu halina mishipa ya damu ya kuliletea chakula. Hulishwa na ule ute unaolizunguka, na ute huo huingia na kutoka mtu anapolikanyagia goti na kuliachia, mfano wa sifongo inayokamuliwa na kuachwa inywe maji tena. Goti lisilotembezwa hukosa lishe hiyo. Kibaya zaidi ni kwamba misuli ya paja isiyotumika hupungua nguvu upesi, na misuli hiyo ndiyo inayopokea sehemu ya kishindo cha kila hatua. Ikidhoofika, kishindo chote hukiangukia kiungo. Mgonjwa husikia maumivu zaidi, hupumzika zaidi, hudhoofika zaidi, na mzunguko huo huendelea mpaka kiti kikawa ndio makao yake.

Aidha, msikilizaji afahamu kwamba picha ya eksirei haiwezi peke yake kuamua hatima ya mgonjwa. Wapo watu ambao picha zao zinaonyesha goti lililoharibika sana, nao wanatembea bila shida kubwa. Wapo pia wenye picha zisizotisha ambao hawalali kwa maumivu. Sababu moja ni kwamba gegedu lenyewe halina mishipa ya fahamu, na maumivu hutoka katika mfupa, utando na sehemu zinazolizunguka. Kwa sababu hiyo, mwongozo wa matibabu uliotolewa Uingereza mwaka 2022 na taasisi ya NICE unasema kwamba daktari anaweza kuyatambua maradhi haya bila picha. Mgonjwa awe na umri wa miaka 45 au zaidi, asikie maumivu anapokitumia kiungo, na asubuhi kiungo chake kisiwe na ukakamavu au usizidi dakika 30.

Baada ya kulijua goti, sasa tuitazame taichi. Mazoezi haya yalianza kama sanaa ya kupigana. Historia yake inahusishwa na kijiji cha Chenjiagou katika jimbo la Henan, katikati ya China, na na mtu aliyeitwa Chen Wangting aliyeishi huko katika karne ya 17. Katika karne ya 19, Yang Luchan alijifunza kijijini hapo, kisha akaipeleka sanaa hiyo Beijing, na mtindo wa ukoo wake ndio uliokuja kuenea zaidi. Baadaye Sun Lutang, aliyefariki mwaka 1933, alianzisha mtindo mwingine ambao mtu husimama wima zaidi na mguu wa nyuma huufuata ule wa mbele kila anapopiga hatua. Mwaka 1956 wataalamu wa michezo wa China walifupisha mtindo wa Yang ukawa na miondoko 24 tu, ili wananchi wote waweze kujifunza. Mwezi Disemba mwaka 2020 shirika la UNESCO liliiingiza taichi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Anayeitazama taichi kwa mara ya kwanza huweza kudhani ni ngoma isiyo na muziki. Wazee kwa vijana husimama kwa safu bustanini alfajiri, wakapunga mikono pole pole, wakahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, wakageuka kwa pamoja bila kelele. Miondoko ina majina ya kupendeza, kama vile mikono inayopita kama mawingu, au korongo mweupe anayetandaza mbawa. Pumzi huvutwa kwa utulivu, na akili huelekezwa katika kila hatua inayopigwa.

Chini ya upole huo kuna kazi kubwa inayofanyika. Mwenye kufanya taichi hukaa amekunja magoti kidogo muda wote, na hivyo misuli ya paja hufanya kazi bila kupumzika. Kwa kuwa uzito huhamishwa polepole, kila mguu hupata zamu ya kuubeba mwili mzima bila kishindo. Hakuna kuruka, hakuna kukimbia. Mwili hujifunza upya kujua ulipo na jinsi ya kusimama imara, jambo ambalo mtu mwenye goti bovu hulipoteza kidogo kidogo bila kujua. Hofu nayo hupungua. Mgonjwa aliyekuwa akiogopa kulikanyagia goti lake hugundua, hatua baada ya hatua, kwamba goti lingali linaweza.

Je, haya yamethibitishwa? Katika mji wa Boston nchini Marekani, Daktari Chenchen Wang na wenzake wa hospitali ya Tufts Medical Center waliyafanyia uchunguzi. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2009, watu 40 wenye maradhi ya kusagika kwa goti waligawanywa makundi mawili kwa kura. Kundi moja lilifanya taichi ya mtindo wa Yang kwa saa moja, mara mbili kwa wiki, kwa muda wa wiki 12. Kundi la pili lilipewa mafunzo ya afya pamoja na mazoezi ya kujinyoosha. Wale wa taichi walipata nafuu kubwa zaidi katika maumivu na katika uwezo wa kufanya shughuli zao.

Utafiti wa pili, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuwa mkubwa zaidi na ulikuwa na swali gumu zaidi. Safari hii taichi haikulinganishwa na mafunzo ya darasani. Ililinganishwa na fiziotherapia, yaani matibabu ya mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu, ambayo ndiyo matibabu yanayokubalika hospitalini. Watu 204 walishiriki, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 60. Baada ya wiki 12 maumivu yalipimwa kwa kipimo chenye alama 0 hadi 500. Kwa waliofanya taichi, alama zilishuka kwa 167 kwa wastani. Kwa waliopata fiziotherapia zilishuka kwa 143. Watafiti walieleza kwamba tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kusema kuwa taichi imeishinda fiziotherapia. Walichoweza kusema ni kwamba njia zote mbili zilileta nafuu inayolingana, na nafuu hiyo ilikuwapo bado baada ya mwaka mmoja. Hata hivyo, waliofanya taichi waliwazidi wenzao katika mambo mawili: walipungukiwa zaidi na majonzi na kukata tamaa, na waliona hali ya maisha yao ya kimwili kuwa bora zaidi. Hakuna madhara makubwa yaliyosababishwa na mazoezi hayo.

Matokeo hayo yanastahili kupokewa kwa uaminifu, bila kuyapunguza wala kuyatia chumvi. Katika majaribio ya namna hii mshiriki hawezi kufichwa anachofanya, na matumaini yake mwenyewe huenda yakachangia nafuu. Vile vile, hakuna ushahidi kwamba taichi hulirudisha gegedu lililokwisha kupotea. Anayeahidi hivyo anauza ndoto. Kinachorudi ni nguvu, wepesi, na uwezo wa kuishi na goti lile lile kwa maumivu yaliyopungua. Na uvumilivu unahitajika. Huko Korea Kusini, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, wagonjwa 72 walianza mpango wa wiki 12 wa taichi ya mtindo wa Sun au waliwekwa katika kundi la kulinganisha nao, na waliofika mwisho walikuwa 43 tu. Waliofanya taichi mpaka mwisho walipata nafuu. Lakini idadi ya walioacha njiani inaonyesha kwamba kuanza ni rahisi kuliko kuendelea.

Ushahidi huo na mwingine uliofuata umebadili miongozo ya madaktari. Mwongozo wa chama cha madaktari wa maradhi ya viungo cha Marekani, uliochapishwa mwaka 2020, unapendekeza kwa mkazo mazoezi ya mwili, kupunguza uzito kwa walionenepa, na taichi ikitajwa kwa jina lake. Mwongozo wa NICE wa mwaka 2022 unataka kila mgonjwa wa maradhi haya apewe mazoezi ya tiba yanayomfaa. Mwongozo huo huo unasema daktari asimpe mgonjwa glukosamini, na parasetamoli isiwe dawa ya kutolewa kila siku kama mazoea.

Ni muhimu kusisitiza kwamba taichi ni njia moja kati ya kadhaa. Asiyeipenda au asiyempata mwalimu hajakosa dawa. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowafuatilia watu 439 wenye umri wa miaka 60 na zaidi kwa miezi 18. Baadhi yao walitembea kwa mpango, wengine wakafanya mazoezi ya kuimarisha misuli, na wengine wakapewa mafunzo ya afya pekee. Waliotembea na waliojenga misuli walipata maumivu machache zaidi kuliko waliofundishwa tu. Nchini Denmark, mwaka 2013 ulianzishwa mpango unaojulikana kwa jina la GLA:D, ambao mgonjwa hufundishwa kuhusu maradhi yake kisha hufanya vipindi 12 vya mazoezi chini ya usimamizi. Mpango huo umeenea katika nchi nyingine kadhaa. Kuendesha baiskeli na kutembea ndani ya maji ya bwawa au bahari tulivu pia ni mazoezi yanayofaa, kwani maji huubeba sehemu ya uzito wa mwili.

Kuhusu uzito, hesabu yake inafaa kukumbukwa. Mtu anapotembea, mzigo unaoliangukia goti hufika mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wake, na akipanda ngazi huongezeka zaidi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Aliyepungua kilo 5 tu ameliondolea goti lake kilo 20 kila anapokanyaga, na katika siku moja mtu hukanyaga mara elfu kadhaa.

Baada ya maelezo hayo, msikilizaji huenda akauliza aanzie wapi. Haya yafuatayo ni mazoezi mepesi yanayoweza kufanywa nyumbani bila vifaa.

La kwanza ni la kukaza paja. Mgonjwa huketi kitandani au jamvini mguu ukiwa umenyooka, akaweka taulo iliyokunjwa chini ya goti, kisha akaikandamiza kwa goti lake, akahesabu hadi tano na kulegeza. Hurudia mara kumi kwa kila mguu.

La pili hufanywa kitini. Mguu mmoja hunyooshwa mbele taratibu mpaka ulingane na paja, hushikiliwa kwa hesabu ya tano, kisha hushushwa pole pole. Kuushusha polepole kuna faida sawa na kuunyanyua.

La tatu ni kuinuka kitini na kuketi tena bila kuvuta kwa mikono, mara tano mpaka kumi. Anayeshindwa aongeze mto juu ya kiti ili kimo kiwe kirefu zaidi, na nguvu zikirudi auondoe. Zoezi hili ni dogo, lakini ndilo linalompa mtu uwezo wa kwenda chooni na kurudi bila msaada.

La nne ni msingi wa taichi. Mtu husimama nyuma ya kiti kizito, vidole vya mikono vikigusa mgongo wa kiti, miguu ikiwa na upana wa mabega na magoti yakilegezwa kidogo. Huuhamishia uzito wote mguu wa kulia kwa pumzi moja ndefu, kisha mguu wa kushoto kwa pumzi nyingine. Akizoea, hupiga hatua fupi mbele: kisigino hutangulia kugusa chini, hufuata unyayo, na uzito huhama mwisho kabisa, baada ya mguu kukanyaga vizuri.

Anayejifunza taichi yenyewe achunge mambo matatu. Asikunje magoti sana kwa kuiga vijana wanaoshuka chini. Kusimama juu kunatosha. Goti lielekee siku zote upande vinakoelekea vidole vya mguu, wala lisivipite kwa mbele. Na asizungushe mwili juu ya mguu uliobeba uzito, kwa kuwa msokoto huo ndio unaoliumiza goti. Aondoe uzito kwanza, ageuze unyayo, ndipo akanyage. Mwalimu anayefahamu maradhi ya viungo ni bora kuliko mwalimu hodari wa mapigano. Daktari Paul Lam wa Australia, ambaye naye anaugua maradhi ya viungo, alitunga mwaka 1997 mpango maalumu kwa wagonjwa wa viungo kwa kutumia mtindo wa Sun, na mpango huo unafundishwa katika nchi nyingi.

Swali linaloulizwa sana ni hili: maumivu yakitokea wakati wa zoezi, mtu aache? Katika mpango wa Denmark mgonjwa huyapima maumivu yake kwa alama 0 hadi 10. Yasipozidi 5, na yakarudi katika hali ya kawaida ndani ya saa 24, hakuna neno, aendelee. Yakizidi hapo, au goti likiwa limevimba kesho yake, asiache mazoezi kabisa. Apunguze idadi au kimo, kisha apandishe tena taratibu. Maumivu ya kadiri wakati wa zoezi hayamaanishi kwamba goti linavunjika.

Ziko dalili ambazo hazisubiri mazoezi. Goti jekundu, la moto na lililovimba ghafla, hasa pamoja na homa, ni jambo la kumwona daktari siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa goti lililojifunga lisikunjuke, goti lililoumia kwa kuanguka mtu akashindwa kulikanyagia, shavu la mguu lililovimba na kuuma, au maumivu ya usiku yanayoandamana na kukonda kusiko na sababu. Mwenye maradhi ya moyo, kisukari kisichotulia au kizunguzungu azungumze na daktari wake kabla ya kuanza.

Hali kadhalika, dawa zinahitaji tahadhari. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, diklofenaki na ibuprofeni hununuliwa dukani bila cheti, na watu huzimeza kwa miezi mingi. Dawa hizo zina nafasi yake, lakini zikitumika kwa muda mrefu huweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu, hasa kwa wazee. Ile ya kupaka juu ya goti ina hatari ndogo zaidi, na ndiyo miongozo inayoitanguliza. Kuhusu upasuaji, utafiti uliofanywa Houston na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kulisafisha goti lililosagika kwa kuingiza kamera hakukumsaidia mgonjwa zaidi ya upasuaji wa kuigiza. Kubadilisha goti kwa goti la bandia ni jambo jingine. Huwasaidia sana watu ambao maradhi yao yamefika mbali na mazoezi hayakutosha. Hata kwao, misuli iliyoimarishwa huwarahisishia kusimama tena.

Kwa Waswahili, limo pia suala la ibada na desturi. Sheria ya dini imempa mgonjwa ruhusa ya kusali akiwa ameketi, na asiyeweza kusujudu hana lawama. Lakini wengi wanapohamia kwenye kiti huacha kabisa kulikunja na kulikunjua goti, na baada ya mwaka hata uwezo waliokuwa nao hupotea. Mwenye kusali kitini hana budi kuyafanya mazoezi yake katika saa nyingine. Baadhi ya watu huuliza kama taichi ni ibada ya kigeni. Chimbuko lake lina falsafa ya Kichina ya nguvu mbili zinazokamilishana, na hilo halifichwi. Lakini katika hospitali na vituo vya wazee kinachofundishwa ni miondoko, pumzi na namna ya kusimama. Ambaye moyo wake haukuridhika ayafanye yale mazoezi ya kitini na kutembea, naye hatapungukiwa na jambo la msingi.

Mazingira nayo huamua mengi. Katika joto la kiangazi la Muscat au Dubai haifai kutembea nje mchana. Watu hutembea alfajiri, au ndani ya maduka makubwa yenye viyoyozi. Katika baridi ya London, ukumbi wa mtaa au sebule ya nyumbani inatosha. Akina mama wanaopenda faragha huweza kukutana wenyewe kwa wenyewe, na kukutana huko kuna faida ya pili: aliyeahidiana na wenzake hukawia kuacha.

Ipo faida nyingine inayozidi goti. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba taichi hupunguza kwa takriban moja ya tano idadi ya wazee wanaoanguka. Kwa mzee, kuanguka mara moja na kuvunjika nyonga kunaweza kuwa mwisho wa kujitegemea. Wahenga waliposema kwamba mwenda pole hajikwai hawakuwa wakizungumzia taichi, lakini maneno yao yanawafaa sana wenye kuifanya.

Kwa hiyo, wasikilizaji wapendwa, familia yenye mzee anayeumwa magoti ina wajibu wa kubadili kidogo namna ya kumpenda. Badala ya kumletea kila kitu alipoketi, ifuatane naye mpaka mlangoni. Leo aende mlangoni, wiki ijayo aende hadi kwa jirani. Badala ya kumwambia apumzike, imhesabie anapoinuka kitini: moja, mbili, tatu. Nafuu haitaonekana baada ya siku mbili. Tafiti zilizotajwa za taichi kwa wagonjwa wa magoti zilipima baada ya wiki 12, na mgonjwa naye ajipe muda huo kabla ya kuhukumu. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa wote wanaosikiliza na magoti yanawauma, Mungu awape afueni na nguvu ya kuanza.